Sababu Tano za Kuogopa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililobandikwa ukutani mwa duka la kinyozi, na mbele yake dada mmoja anauza kahawa kwenye jiko la mkaa. Cheche, mchomeleaji wa vyuma, kwa kawaida hukaa pembeni kabisa, maana bado anajihesabu mgeni, ingawa huyo dada huanza kummiminia kabla hajafika. Asubuhi hiyo alikuwa ameazimwa shati jeupe la kinyozi aende nalo ofisi ya wakimbizi. Aliporudi, shati limelowa jasho mgongoni, alijitupa katikati ya benchi bila kumsalimia mtu. Wakajua.

— Wamekukatalia, alisema kinyozi, ambaye wote humwita Wembe.

— Wamenikatalia.

— Hawakukuamini?

— Wameniamini! Hapo ndipo ninapotaka kupasuka. Afisa kanitazama usoni, kaniambia, “Naamini karakana yako ilichomwa moto. Naamini shemeji yako aliuawa humo. Naamini unaogopa. Lakini wewe si mkimbizi.”

Dada wa kahawa aliacha birika hewani.

— Sasa mkimbizi ni nani, kama si mtu aliyekimbia?

— Kukimbia peke yake hakutoshi, dada yangu, alidakia Hakimu. Huyu alikuwa kondakta wa basi hadi alipostaafu. Mahakamani aliwahi kufika mara moja tu, kama shahidi wa ajali, na tangu hapo hakuna sheria isiyomhusu. — Mtesi wako lazima awe anakuandama kwa mojawapo ya sababu tano. Asili yako, dini yako, uraia wako, kundi la jamii unalotoka, au maoni yako ya siasa.

— Hayohayo ndiyo aliyonisomea, alisema Cheche.

— Na wewe ukasema walikuandama kwa nini?

— Kwa sababu nilikataa kazi yao. Akasema huo ni mgogoro wa biashara.

Wembe alitupa taulo begani kwa hasira.

— Biashara! Mtu anamwagiwa petroli, mnaita biashara! Yaani muuaji akifika mlangoni nimuulize kwanza, “Samahani kaka, unaniua kwa dini au kwa kabila? Maana kama ni kwa mambo mengine itabidi nibaki hapahapa”?

— Sheria ndivyo ilivyo, bwana.

— Basi sheria ina kiburi! Cheche, sikiliza. Rudi kawaambie wachomeleaji ni kundi la jamii.

— Haiwezekani, alisema Hakimu. Kundi lazima liwe la jambo usiloweza kulibadilisha, au usilopaswa kulazimishwa kulibadilisha.

— Wenye vipara, basi. Nani anaweza kubadilisha kipara?

— Wewe ungefunga duka, alisema dada wa kahawa.

Wembe hakucheka. Akasogea, akashusha sauti.

— Haya, tuache mzaha. Sema umebadili dini. Mimi nitakuwa shahidi.

— Au tuanzishe chama, alisema Hakimu. Leo hii hapa benchini. Wewe mwenyekiti, mimi katibu. Tunapiga picha, tunasema kilianza huko kwenu miaka mingi, serikali ikakipiga marufuku...

— Nyamazeni!

Hawakuwahi kumsikia Cheche akipaza sauti. Hata yeye mwenyewe alishtuka, kahawa ikammwagikia gotini, wala hakuifuta.

— Dada yangu nimemwacha huko mjane. Mumewe alikuwa msaidizi wangu, alilala karakana usiku ule ili mimi nikapumzike. Niende nikaongeze dini ya uongo juu ya kifo chake? Wakinishika na uongo mmoja, na ukweli wote umekwenda. Sitaki. Nataka mtu aniambie tu, kifo cha yule kimepungukiwa nini?

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama kando na mwavuli uliovunjika fimbo, amekuja kumtafuta mchomeleaji. Wao hawakumjua. Alikuwa ameyasikia ya kutosha.

— Samahani baba, alisema. Hiyo kazi uliyoikataa ilikuwa kazi gani?

— Mlango, mama.

— Mlango tu?

Cheche alitikisa kichwa.

— Mlango wa chuma usio na kitasa ndani. Komeo zote nje. Chini, kitundu cha kupitishia sahani. Walioniagiza walikuwa watu wa mkuu wa eneo letu. Nikauliza unakwenda wapi, wakasema stoo. Stoo gani inapelekewa chakula? Na mwezi uleule mwalimu mmoja, jirani yangu, alikuwa amechukuliwa kwa kuwasema mkutanoni. Nikawaambia mbele ya mafundi wote, “Mikono hii haitamfungia mtu aliyesema kweli.” Usiku wakaja.

Wembe aliketi taratibu. Hakimu alikuwa amesimama.

— Na haya uliyasema ofisini?

— Waliniuliza kama kazi ilikuwa na malipo. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza kama mimi ni mwanachama wa chama chochote. Nikasema hapana. Nilipotaka kueleza ule mlango, mkalimani, maana yule afisa hajui lugha yetu, akaniambia nijibu nilichoulizwa.

— Mungu wangu! Hakimu alipiga paja. Hayo ndiyo maoni ya siasa, bwana! Kwani lazima uwe na kadi? Umewakatalia wakubwa hadharani, wakakuchomea karakana kwa hilo! Huo ni mgogoro wa biashara?

— Una rufaa? aliuliza Wembe.

— Jumatatu.

— Jumatatu tunakwenda wote. Na mkalimani mwingine atafutwe. Ukikatizwa, unaanza upya. Kuanzia kitundu cha sahani.

Cheche aliinama akashika kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu afike mji huu alihisi hasira yake ina pa kwenda, na hilo likamtia woga kuliko kukataliwa.

Yule mama alikuwa bado amesimama.

— Na ule mlango, baba, haukutengenezwa?

— Ulitengenezwa, mama. Alipatikana fundi mwingine.

— Kwa hiyo mwalimu yumo ndani.

— Yumo. Kama yu hai.

— Naye anaandamwa kwa maoni yake.

— Kwa maoni yake hasa, alisema Hakimu. Huyo hana hata shaka. Ila... sheria inataka mtu awe amekwisha kutoka nje ya nchi yake.

Mama alimtazama, si kwa ubishi, bali kama mtu anayeuliza njia.

— Na asiyeweza kutoka, sheria inamwitaje?

Wembe alimtazama Hakimu. Hakimu akaanza kuzihesabu upya zile sababu tano vidoleni. Dada wa kahawa akaanza kukusanya vikombe, kimoja kimoja, ingawa birika lilikuwa bado limejaa.