Bi Saoudat binti Chanfi, Aliyeambiwa Hana Ugonjwa (1941–1986)

Marehemu Bi Saoudat binti Chanfi alizaliwa Machi 3, 1941, Ikoni, akakulia Magoudjou, Moroni, katika nyumba ya mama yake, ambayo kwa desturi yetu ilikuja kuwa yake. Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi, kisha akasoma shule ya serikali miaka minne.

Kazi yake ilikuwa kudarizi kofia, na mkono wake ulijulikana hadi Mutsamudu, kisiwa cha jirani, alikotoka mumewe, Fundi Soilihi, mwashi wa mabirika ya maji ya mvua. Walioana Agosti 1962, wakapata mabinti wawili, Mariama na Mouzdalifa. Kofia ya bwana harusi aliikadiria kwa macho tu, ikamshuka hadi masikioni. Soilihi aliivaa hivyo hivyo siku zote za harusi, na hakuna aliyethubutu kucheka mbele ya bibi harusi.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya mamluki kuingia nchini na kuipindua serikali. Kila robo saa alikwenda msalani, na kibofu kilimwaka moto. Hospitalini mkojo ulipimwa mara tano, ukaonekana safi.

"Huna kitu, mama," aliambiwa.

Basi watu wakajisemea yao: jini, uvivu, na mengine yasiyosemeka kwenye hitima kama hii. Mwaka 1981, kwenye kizuizi cha barabarani njia ya Ikoni, askari walimkataza kushuka kwenye teksi kwenda kujisaidia, yakamkuta yaliyomkuta mbele ya abiria. Tangu siku ile hakutoka tena, harusi zikampita, misiba ikampita.

Kisiwa chetu cha Ngazija hakina mito. Tunakunywa mvua iliyowekwa birikani. Kiangazi cha mwaka huo mjomba wake Mmadi, mkubwa wa nyumba, aliamuru Saoudat apewe vikombe viwili vya maji kwa siku, ili asishinde msalani na kumaliza maji ya kutawadhia. Alidhani anamponya. Soilihi, mkwe aliyeishi nyumbani kwa mkewe, aliona si mahali pake kusema. Alinyamaza miaka mitatu.

Mwaka 1984 ndipo alipompeleka Mutsamudu, kwa daktari mgeni aliyekuwa na chombo cha kuchungulia kibofu.

"Ndani ya kibofu kuna utando mwembamba unaokinga nyama isiguswe na mkojo," daktari alisema. "Wa mama umechakaa. Mkojo wake unamwunguza, na asipokunywa maji unazidi ukali."

"Kama birika lililobanduka lipu," Soilihi alisema.

"Ndivyo."

"Lipu hiyo hupigwaje upya?"

"Haipigwi, Fundi."

Bi Saoudat alilia kwa furaha. "Umesikia, Baba Mariama? Kumbe naumwa kweli!"

Waliporudi alikunywa maji atakavyo, lakini tayari figo zilikuwa zimeharibika kwa kiu ya miaka mitatu, na maumivu hayakumwacha hata siku moja. Alifariki nyumbani, Ijumaa, Novemba 14, 1986, saa nne asubuhi, akazikwa baada ya Alasiri.

Ameacha mabinti zake wawili, mjomba wake Mmadi, na mumewe, aliyeandika maneno haya. Mjomba ameomba habari ya vikombe viwili isisomwe. Imesomwa, kwa sababu marehemu alichotaka maisha yake yote ya ugonjwa ni kuaminiwa, na mumewe hana kingine cha kumpa. Mola amlaze pasipo maumivu, apumzike.