Ukurasa Ulio Ndani ya Kofia

Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe mkubwa, zima hiyo simu. Na wewe binti yangu, unayebishana hata na msoma habari redioni, leo nisikilize kwanza, utanihukumu baadaye.

Nyumba ni yenu wawili, msigombanie vyumba. Mashine ya kuchanganya zege mpeni dereva wangu. Hayo ni mepesi.

Zito ni lile bwawa la kuogelea nililolijenga kule hotelini. Mnajua lilipasuka wiki mbili kabla ya wageni wa kwanza, mwenye hoteli akanidai hasara ya msimu mzima, tukakaa mbele ya msuluhishi siku tatu, tukamalizana, kampuni yangu ikapona. Msichokijua ni kilichoiponya.

Baba yenu mdogo ndiye aliyekuwa msimamizi wangu pale, na alikuwa na tabia iliyoniudhi: hakuna lililosemwa kazini asiloliandika kwenye daftari la kazi, mpaka mvua, mpaka matusi yangu. Asubuhi ile alinipigia: "Kaka, majibu ya maabara kuhusu zege bado. Tusubiri." Nikamjibu, "Mpaka watalii waogee kwenye ndoo? Mwaga!" Akamwaga zege. Akaandika.

Msuluhishi alipolitaka daftari, niliukata ukurasa ule kwa wembe, nikasema msimamizi alijiamulia kumwaga bila kuniuliza. Ndugu yangu alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Alivua kofia yake ngumu, akaiweka mezani mbele yangu, akatoka.

Ndiyo ile iliyo juu ya kabati, niliyokuwa nawakataza kuichezea. Inueni kitambaa cha ndani, ukurasa umo. Nilishindwa kuuchoma.

Miaka kumi na mmoja sasa. Hakuna mkandarasi aliyemwajiri tena. Nasikia anapaka rangi mageti ya watu. Tulipomzika mama yenu alisimama nyuma kabisa, nami nikajifanya simwoni. Tangu hapo nakula peke yangu kwenye meza ya watu sita, na kila mlango ukigongwa nadhani ni yeye, kumbe ni msoma mita.

Sasa shikeni haya. Kesho, niwe napumua au sipumui, mpelekeeni kofia yake. Msimwombe anisamehe, hiyo si kazi yenu. Nakala ya ukurasa ipelekeni kwa mwenye hoteli na kwa chama cha wakandarasi. Mwenye hoteli akitaka kulifufua dai, na alifufue, hata nyumba hii ikienda. Binti yangu, usinitafutie utetezi. Najua unaweza.

Nipe maji… basi, yanatosha.

Mungu awape kazi isiyowafanya mkwepe macho ya mtu. Awape… wa kula naye. Msiache kuketi pamoja, hata mkikasirikiana.

Na baba yenu mdogo akiuliza nilisema nini mwishoni, mwambieni… mwambieni aliandika sawasawa.