Mama Wakarima, Muuza Mayai wa Kawangware

Wasifu huu nausoma mimi Nduta, kifungua mimba wake, na nausoma kwa Kiswahili ili Mama Zeinabu na jamaa zetu waliotoka Kibra wasikie kila neno.

Marehemu Keziah Wakarima alizaliwa Kawangware mwaka wa 1904, binti ya mzee Gichuru. Alisoma misheni hadi akaweza kujisomea Biblia, akabatizwa Pasaka ya 1922. Tarehe 6 Juni 1925 aliolewa na baba yetu Kihara, mchonga mawe, ambaye Mungu alimchukua mwaka wa 1947.

Kazi yake mnaijua. Alifuga kuku, akauza mayai Kibra nyumba hadi nyumba. Na kutembea naye, jamani, kulitaka moyo! Jua linapanda, wateja wanangoja, naye amesimama katikati ya njia anatazama utando wa buibui wenye umande. "Nduta, hebu simama uone. Huyu nani alimfundisha?" Tulichelewa kila mahali, hata kanisani. Lakini sikuwahi kumwona na hofu.

Ikaja Aprili 1954, mdogo wetu Muigai akakamatwa kwenye msako wa Hali ya Hatari, akapelekwa kizuizini. Barua zake zilikuja, kisha zikakoma. Mama akaacha kusimama njiani. Akaacha na kusali. Mama Zeinabu, rafiki yake wa miaka mingi, akamwambia bila kuzunguka, "Wakarima, Mungu hajakuhama. Wewe ndiye umemnunia."

Basi asubuhi moja ya Juni 1956, kwa mawazo mengi, mama alichanganya mayai ya kuuza na yale yaliyokuwa yakiatamiwa, akayapeleka yote Kibra. Mama Zeinabu akashika moja alivunje kwenye karai, mara akapiga kelele, "Wallahi, hili linalia!" Mama akaliweka sikioni. Kifaranga kilikuwa ndani, kinalia na kugonga. Akaketi pale pale jikoni, akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Bwana, kumbe uko kazini." Wakayafunga kwenye leso ya Zeinabu, wakayarudisha mbio kwa kuku. Jioni hiyo mama alisali kwa sauti mpaka majirani wakasikia.

Mwaka jana alianza kuugua kifua. Alitibiwa, akapata nafuu, kisha kikamrudia. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Februari 1958, alfajiri, akiwa ametulia. Alikuwa na haja moja tu, kumwona Muigai. Hakumwona. Hilo linaniuma na sitalificha.

Wiki yake ya mwisho aliniita tuuandike wasifu huu pamoja. Tulipofika kwa watoto, nikaandika jina langu na la Simeon, kisha nikaiweka kalamu kando, kwa maana wengine wetu tulikuwa tumeshaanza kumlilia Muigai chini chini. Mama akanitazama. "Unangoja nini? Mwandike na walio hai. Mimi na Mungu tumeshaongea."

Marehemu ameacha dada yake Wangoi, rafiki yake Zeinabu, wajukuu, na watoto watatu: mimi Nduta, Simeon, na Muigai.

Mungu ampumzishe mama yetu kwa amani. Muigai akirudi, tutamleta hapa.