Goti la Marhoun na Kivuli cha Mkunazi

Pale Firq, nchi ya Waarabu, zinapokwisha gereji na kuanza wadi, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha basi la skuli. Liko mbele ya duka la matairi la Hisham, limekabili barabara na limeipa wadi mgongo, maana wenyewe wanapenda kuona nani kapita na nani kanunua gari. Wadi, kama huijui, ni mto usio na maji: mwaka mzima mawe na mchanga mtupu, na hii yetu ina mkunazi mmoja katikati wenye kivuli cha kugombaniwa. Alkhamisi hiyo, saa nane mchana, wanaume watatu walikaa benchini na kanzu zao nyeupe, vilemba vichwani, majambia viunoni, na birika la kahawa katikati yao. Walikuwa wanakwenda Izki kuposa. Mwenye kuposa ni Marhoun, ambaye kijiweni anaitwa Goti, na ana miaka sitini na saba. Usicheke.

Marhoun alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita, na tangu hapo chakula chake cha mchana hutoka mkahawani ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amechoka na mfuko ule. Bi Shaikha wa Izki, mwalimu mkuu mstaafu, mjane mwenziwe, alimwambia mwenyewe kwa simu: mimi nimeridhika, njoo umuone kaka yangu. Kazi ikawa kufika. Safari ya kwanza Redio, mshenga mkubwa, alishikwa na tumbo njiani. Safari ya pili waliingia nyumba siyo, wakala halwa, wakanywa kahawa, wakamposa binti wa watu wa miaka ishirini, wakatolewa mbio. Sasa kaka mtu alikuwa anasafiri kesho kwenda kutibiwa macho, miezi miwili, na keshasema: leo, au basi tena.

Ndiyo kwanza Marhoun anyanyue finjani la pili, simu zote tatu zikapiga kelele kwa pamoja.

— Yalaa! alisema Marhoun, kahawa ikamwagikia kanzu. Nini tena?

Redio alivaa miwani. Huyu jina lake Abdullatif, kafanya kazi serikalini miaka thelathini, na hakuna habari isiyopitia kinywani mwake.

— Tahadhari, alisoma. Mvua kubwa za radi milimani, tangu saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Wadi zitateremka kwa nguvu. Msivuke wadi. Na tena wanasema…

— Imetosha! alikatiza Marhoun. Mvua ipi? Dalili ya mvua ni mawingu. Tazama juu, yakhe, unaona wingu?

— Sioni.

— Basi khalas. Na goti langu haliumi. Tangu nilipoanguka mnazini Unguja nikiwa mtoto, haijanya mvua goti lisijue. Hata kile kimbunga, goti lilitangulia siku mbili.

— Mzee Marhoun, alisema Hisham, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu langu mie ndilo mkuu!

Hisham wanamwita Tabora, kwa kuwa ndiko alikozaliwa, na Kiswahili chake bado kina bara ndani. Alicheka, akajisogeza.

— Mie nawaambia ukweli, lakini msiniseme. Hii mvua si ya Mungu peke yake. Kuna watu wanapanda na ndege, wanayanyunyizia mawingu chumvi. Wakishamaliza wanatutumia meseji kama vile wao hawahusiki.

— Chumvi? Marhoun alishtuka. Itanyesha ya chumvi?

— Wewe subiri uonje tende za mwakani.

— Hasha, alikata Redio. Nyinyi hamjui serikali, mie nimekaa ndani. Yule anayeandika tahadhari ni kijana, ana gari mpya, hataki foleni. Ikifika mchana anawaambia watu wote kaeni majumbani, barabara inakuwa nyeupe, anarudi kwao kula wali wake wa moto. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana yake hiyo.

— Haraka ya nani sasa?

— Ya kijana.

Wakamfikiria kijana na wali wake. Marhoun alitazama saa. Alikuwa anaogopa, nami sitomfichia. Hakuogopa mvua, alichoogopa ni kaka yake Shaikha kupanda ndege, na ule mfuko wa plastiki kurudi mlangoni pake miaka mingine sita.

— Tuondokeni, alisema. Yalla. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

— Ngoja, alisema Tabora, na sauti yake ikashuka. Hivi hamjiulizi? Kwa nini leo? Wiki nzima jua, hakuna meseji. Mzee anakwenda kuposa, meseji inakuja. Nani alijua kama mnakwenda Izki?

— Nilimwambia Shaikha kwa simu.

— Kwa simu!

— Ala! Redio aliweka finjani chini. Simu inasikiliza, Marhoun. Mwanangu aliizungumzia friji tu, jioni simu ikamuonyesha mafriji arubaini.

— Sasa mie simu imesikia nataka mke…

— Ikakuletea gharika, alimalizia Tabora. Kuna mtu hataki uoe. Pengine kuna mwengine anamtaka Bi Shaikha, ana shemeji yake huko kwenye mitambo ya hali ya hewa.

Kwa akili ya mtu aliyelala vizuri, hayo ni maneno ya kipuuzi. Lakini Marhoun usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, alikuwa akipiga pasi kanzu. Wivu ukampanda. Simu ikalia tena tahadhari ya pili, kali kuliko ya kwanza, na yeye akaibonyeza mpaka ikazimika kabisa.

— Haya, isikilize ukuta sasa!

— Umefanya la maana, alisema Redio. Lakini tungoje nusu saa. Maji yako juu mlimani. Aliye juu, mngoje chini.

Wakangoja. Ikapita nusu saa, ikapita na nyengine, na nadharia zikazidi kunona. Mara wadi zina vyombo chini ya mawe vinavyojibu simu, mara radi inauzwa kwa kilo. Kila Marhoun akisimama, mmoja anamimina kahawa na mwengine anamvuta kanzu. Jua lilikuwa limetulia, mbingu safi upande wao wote.

Ndipo gari ndogo ya kijani ikasimama mbele ya benchi, akashuka mwanamke wa makamo, abaya yake nadhifu, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Marhoun alisimama mpaka jambia likamchoma tumbo.

— Bi Shaikha!

— Shikamoo, mama, alisema Tabora, aliyekuwa na miaka hamsini na nane.

— Marahaba. Asalaam alaikum wazee. Nilikuwa Nizwa tangu asubuhi, nimepita barabara kuu isiyovuka wadi. Bwana Marhoun, nimekupigia mara saba.

— Simu… niliizima.

— Siku ya tahadhari, umezima simu?

Marhoun alimtazama Tabora. Tabora alitazama matairi yake.

— Haya. Kaka yangu kaisoma tahadhari, kasema wazee wasitoke leo, roho ni bora kuliko posa. Na safari yake kaisogeza mpaka Jumapili, kwa ajili yenu. Njooni Jumamosi.

Lo! Marhoun alihisi miaka sita ikimtoka mabegani. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akaishia kusema “Alhamdulillahi” mara tatu huku akimtafutia mgeni finjani safi. Shaikha alilipokea, akatazama huku na huku.

— Naona mlikuwa mmejitayarisha. Magari yenu mmeyaweka wapi?

Swali jepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Tabora alijikuna kilemba. Marhoun akageuza shingo taratibu kutazama nyuma, na wenziwe wakageuka pamoja naye, kwa mara ya kwanza tangu walipokaa.

Magari matatu yalikuwa chini ya mkunazi, katikati ya wadi, kivulini, maana waliwahi mapema kukigombea. Ya Marhoun ilikuwa mbele, nyeupe, mpya, plastiki za viti hazijatolewa, na ndani yake halwa kilo tano.

Kwanza walisikia mngurumo. Kisha maji yakatokea penye kona, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo ya mitende na mlango wa mtu. Hapakuwa na wingu hata moja. Gari nyeupe ikainuka polepole, ikageuka kama inaaga, taa zikawaka zenyewe, ving'ora vikalia, ikaondoka. Pikapu ya Tabora ikaifuata. Ya Redio ikang'ang'ania mkunazi kidogo, halafu nayo ikakata tamaa.

Redio akatoa simu, akavaa miwani.

— Na tena wanasema, alisoma kwa sauti ndogo, msiegeshe magari wadini.

— Ulikuwa hujamaliza kusoma? aliuliza Marhoun.

— Ulinikatiza.

Macho ya Marhoun yalijaa machozi, na hakuyaficha. Shaikha alimsogelea, akaiokota ncha ya kanzu yake iliyoingia vumbi, akaikung'uta.

— Na iende, alisema. Ungelikuwa ndani yake, ningelikuwa mjane mara ya pili hata kabla ya kuolewa.

Marhoun alimtazama, na hapo hapo akajua kwamba mwanamke huyu atamkubali hata akija kwa miguu. Lakini Shaikha alikuwa mwalimu miaka thelathini na mbili, hakuweza kuwaacha watu bila ya mtihani.

— Sasa Jumamosi, aliuliza, mtakuja na nini?

Redio alimtazama Tabora, Tabora akayatazama matairi yake, mia na zaidi, hayana gari hata moja. Birika likainamishwa; halikutoka tone.

— Goti linasemaje? alinong'ona Redio.

Marhoun alikaa, akalishika kwa mikono miwili.

— Linauma, alisema. Linasema mvua inakuja.