Nzivo Munyao na Ngoma Isiyo na Mwimbaji

Marehemu Nzivo Munyao alizaliwa tarehe 12 Machi 1966 hapa Mwala, akiwa kitindamimba wa Munyao, dereva, na mkewe Kamene. Alilelewa mtaa wa Huruma jijini, akasomea huko hadi darasa la saba, kisha Machakos hadi kidato cha nne mwaka 1984. Masomo aliyapenda kiasi. Redio alizipenda kupita kiasi. Ile ya baba yake aliifungua mara mbili na kuiunganisha tena mara moja tu.

Mwaka 1986 alianza kazi ya fundi wa redio Kariobangi. Huko ndiko alikoletewa kanda kutoka Chicago, muziki wa vijana wasio na bendi, walioutengeneza kwa mashine kuukuu ambazo wanamuziki walizidharau. Nzivo alipagawa. Kuanzia 1990 alichezesha disko kila Jumapili alasiri katika ukumbi wa mtaani, kwa spika alizounda mwenyewe. Vijana walipolalamika, "Sasa buda, mwimbaji ako wapi?" aliwajibu, "Mwimbaji ni miguu yako." Mitindo mingine ilikuja ikapita, ukumbi wake ukaendelea kujaa.

Teresiah, msichana wa mtaani, alikuja kucheza, Nzivo akampenda. Lakini baba ya msichana, Mzee Njogu, mzee wa kanisa, alikataa katakata kumwoza binti yake kwa mpiga kelele. Jumapili moja mwaka 1992 alikuja kumtoa binti yake ukumbini. Alipofika mlangoni, stima ikapotea, taa na muziki vikazimika. Hakuna aliyeondoka: watu waliuendeleza ule mdundo kwa miguu na makofi, wakicheka, mpaka stima ikarudi. Mzee akamwambia Nzivo, "Kijana, kwetu kanisani stima ikipotea hata kwaya hunyamaza. Leta wazee wako." Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1993, na kwaya nzima ilicheza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 1997. Mzee Njogu alikuwa akimpelekea redio yake wodini, akidai imeharibika tena, ili fundi asikose kazi. Nzivo aliaga dunia tarehe 6 Julai 1999. Ametuacha mapema, na inauma.

Ameacha mama yake Kamene, mjane Teresiah, watoto Munyao na Kavata, na baba mkwe aliyegeuka kuwa rafiki.

Aliomba azikwe kwa mdundo wake, na hapa nyumbani stima haijafika. Tulipotaka kukodi jenereta, Mzee Njogu alitukataza. Jeneza likianza kushushwa, yeye ndiye atakayetangulia kupiga mguu chini, nasi tutamfuata.

Apumzike kwa amani Nzivo wetu. Miguu tunayo.