Moyo Uliopimwa Umelala

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mimi niliyasema kanisani mbele ya mwenyewe ninayemsema. Sikumsengenya mtu.

Miaka ile ya foleni za sukari, kila nikipanda na debe la maji kutoka bondeni hapa kijijini Buger, kifua kilibana kama kimefungwa kamba. Nikitua debe, kinaachia. Nilikwenda zahanati kwa miguu, nikasubiri kwenye benchi mpaka mchana. Nilipoitwa nilikuwa nimeshapoa. Nikaambiwa, "Mama, moyo wako mzima."

Kaka mkubwa wa mume wangu akalidaka hilo neno. Jina simtaji, anajijua. "Mzima huyu," alimwambia mume wangu, mimi nikiwepo. "Uvivu hauna dawa. Tukishavuna, mrudishe kwao." Mume wangu akachukua jembe, akaenda shambani.

Ndugu zangu, nawaambia, kilichonipandisha basi la kwenda hospitali kubwa hakikuwa imani. Ilikuwa hasira.

Huko walinilaza, wakanipaka kitu cha baridi kifuani, moyo wangu ukaonekana kwenye kioo cha mashine. Daktari akasema, "Kuta zote za moyo zinacheza sawa."

Nikamwambia, "Mwanangu, kwetu maksai hanunuliwi amelala zizini. Anafungwa jembe kwanza, avute, ndipo anatazamwa. Mimi umenitazama nimelala."

Nesi alicheka. Daktari hakucheka. Alinipandisha ngazi na kunishusha, mkono wangu ameushika, mpaka kifua kikabana. Akanilaza upesi kabla sijapoa. Safari hii ukuta mmoja ulikwenda mbio, mwingine ukajikokota nyuma.

"Msuli huu haupati damu ya kutosha ukifanya kazi," alisema. "Ukipumzika, ugonjwa unajificha."

Akanipa vidonge na barua: nisibebe mizigo.

Barua hiyo nilimpa shemeji aisome kwa sauti mbele ya ukoo. Katikati akaomba maji. Nikamwambia amalize kwanza.

Namshukuru daktari yule, na jirani yangu aliyenichotea maji msimu mzima bila kuniuliza naumwa nini. Mchungaji ananitaka nisamehe. Nimemwambia bado nafikiria. Ninyi mkiumwa mkiwa kazini, msikubali kupimwa mmepumzika tu. Semeni maumivu yanakuja saa ngapi.

Na nyumbani kwangu nilitoa amri, mpaka leo ipo: shemeji akija, asipewe kiti wala chai mpaka apandishe debe moja la maji kutoka bondeni. Akifika mlangoni anahema, mwambieni ni mzima.