Shimo Alilokataa Lifukiwe

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti ya redio. Leo namkumbuka mwanamke mbishi. Naam, mbishi, na nalisema kwa heshima. Nzilani Muthoka, mkulima wa mashariki ya Thika, tulimzika jana.

Kampuni ya kigeni ilikuja ikasema chini ya mashamba yao kuna madini ya fedha, kwa hivyo watu wahame. Jameni! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alitaka mwenyeji ahame! Magari yakaingia kwenye mahindi, mashimo ya kupima yakachimbwa.

Nzilani akaita mwethya. Ninyi wa mtaa wa Membley msioujua, mwethya ni kazi ya pamoja ya Wakamba. Ukiitwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Ukikataa, siku yako utalima peke yako. Basi kampuni ikichimba mchana, mwethya unafukia jioni. Tena kwa nyimbo!

Wamalwa, kibarua wa kampuni, alikuwa mpangaji wa Nzilani. Mwethya ukamhesabu kuwa mtu wa nyumba yake. Aliniambia akicheka na kulia: "Mchana nachimba, jioni nafukia nilichochimba. Ningefanya nini? Mama alikuwa amesimama pale na chai."

Polisi walimkamata Nzilani. Akarudi, akaita mwethya tena. Meneja akambembeleza ahame. Akamjibu, "Mume wangu amelala hapa. Wewe babako amezikwa wapi? Kachimbe huko!"

Lakini shimo moja, shimo la kwanza, katikati ya shamba lake, alikataa lifukiwe. Watu wakanung'unika, eti mama ameanza kulegea. Hata bintiye Mutheu, anayeishi Makongeni, aliingiwa na wasiwasi. "Nilimuuliza," ananiambia Mutheu. "Akasema, 'Hilo liacheni. Lina mwenyewe.'"

Jana tulimjua mwenyewe.

Mwethya ulikuja, kila nyumba na jembe lake. Wamalwa akaingia shimoni, akazinyoosha kuta zake. Tukamteremsha Nzilani humo humo. Tukafukia, kwa nyimbo zile zile. Magari ya kampuni yalisimama barabarani, hayakuthubutu kuingia.

Pole Mutheu. Pole Wamalwa. Poleni watu wote wa mwethya. Mungu amlaze mama pema. Nawe unayenisikiliza, kampuni bado haijaondoka. Ukiitwa kesho, jembe lako liko wapi?